Kinamasi cha Kioo: Samaki Waje Mwisho

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nachukua nafasi hii katika jarida letu la mwaka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana muhula huu, darasani, uwanjani na hata kwenye foleni ya githeri. Jambo lenyewe ni lile tangi kubwa la kioo linalokusudiwa kuwekwa shuleni. Wengine wanalitaka kesho asubuhi. Wengine hawataki hata kulisikia. Mimi nasimama mahali pa tatu: nalitaka, lakini si jinsi linavyopangwa.

Kwa wale ambao hawakuhudhuria mkutano, pendekezo lililosomwa lilikuwa fupi mno. Tununue tangi lililo tayari, tuliweke ghorofani juu ya kabati la mbao, tulijaze maji, kisha tutie samaki wa dhahabu wa dukani, majani ya plastiki na kijitu cha plastiki kinachotoa mapovu. Jamaa mmoja akaongeza kwamba juu yake tutie gugu-maji la ziwani, ati kwa kuwa ua lake la zambarau linapendeza na ni la bure. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, na sababu zangu ndizo hizi.

Kuna chombo ambacho wataalamu hukiita paludariamu. Jina hilo linatokana na palus, neno la Kilatini lenye maana ya kinamasi. Tangi la kawaida la samaki ni maji matupu toka chini hadi juu. Paludariamu ni nusu maji, nusu nchi kavu: chini samaki, katikati mawe, matope na mizizi, na juu mimea ipendayo unyevu. Kwa vile sisi ni Chama cha Kiswahili, na si vizuri kuazima kila kitu, hapa nitakiita kinamasi cha kioo. Mwenye jina zuri zaidi na alilete.

Kwa nini kinamasi na si tangi la kawaida? Jibu liko hapa hapa kwetu Kisumu. Tumezaliwa kando ya Ziwa Victoria, lakini hebu jiulize: ni wangapi darasani kwenu wanaoweza kutofautisha ngege na fulu? Nyanya yangu husema kwamba katika ujana wake fulu walikuwa samaki wa kila nyumba, visamaki vidogo vilivyoanikwa juani na kuliwa bila kuhesabiwa. Leo mtoto wa mjini anamjua mbuta, tena anamjua kwa mgongo wazi, yaani mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa na kupelekwa ng'ambo.

Mbuta, ambaye Kiswahili sanifu humwita sangara, hakuwa mwenyeji wa ziwa hili. Alitiwa humo na binadamu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alitulia, lakini ilipofika miaka ya 1980 akawa ameongezeka kupita kiasi. Fulu nao walikuwa wa mamia ya aina, na wengi wao hawakupatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Ni kweli kwamba uvuvi wa kupindukia na uchafu wa maji navyo vilichangia, lakini sangara alikuwa na mdomo mkubwa kuliko sababu zote.

Sasa hapa ndipo kinamasi kinapoingia. Sangara anahitaji oksijeni nyingi majini. Ndani ya mafunjo mazito maji husimama, majani huoza na oksijeni huwa haba. Baadhi ya fulu huvumilia hali hiyo, naye sangara haiwezi. Basi ukingo wa mafunjo ukawa maficho ya wanyonge. Vile vile ngege wa asili, ambaye siku hizi ni adimu katika ziwa kuu, bado anaishi katika Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ziwa dogo lililo katika kinamasi cha Yala. Habari hii haiwezi kuonyeshwa na tangi la maji matupu. Inaonekana pale tu maji yanapokutana na matope na mizizi.

Na hilo si jambo la kuchezea. Watu wengi, hata wasomi, huona kinamasi kuwa ardhi iliyopotea, makao ya mbu yanayongoja kukaushwa. Sehemu ya kinamasi cha Yala tayari imekaushwa kwa ajili ya kilimo. Kati yetu sisi wanafunzi watatoka machifu, wahandisi na madiwani wa kesho. Mtu aliyeshinda miaka akitazama mizizi ikisafisha maji mbele ya macho yake hatatia sahihi upesi karatasi ya kufukia kinamasi. Hiyo ndiyo faida ninayoitaka, wala si mapambo ya kuwaonyesha wageni siku ya wazazi.

Kutokana na hayo nina kanuni ambayo naiita kanuni ya mtaro. Mtaro wa shule yetu hupokea maji ya maabara, huungana na ule wa barabarani, na safari yake huishia ziwani. Basi kiumbe chochote ambacho kikiponyoka na kufika ziwani kitakuwa balaa, kisitiwe tangini hata kama kinapendeza vipi.

Gugu-maji ni shahidi wangu wa kwanza. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu hiyo hiyo aliyoitoa jamaa yetu: ua zuri. Katika Ziwa Victoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Baada ya miaka michache tu liliziba ghuba yetu, mashua zikakwama, wavuvi wakakaa bandarini mikono mitupu. Katika miaka ya 1990 ilibidi waletwe wadudu aina ya fukusi ili walitafune, na hadi leo upepo ukigeuka tunaliona likirudi. Shahidi wa pili yuko Naivasha. Mwaka wa 1970 walitiwa huko kamba wekundu ambao asili yao ni Marekani. Waliongezeka, wakaila mimea ya majini ya ziwa lile. Samaki wa dhahabu naye, akiachiliwa katika nchi za watu, amegeuka mharibifu katika maziwa mengi. Mtu akichoka na samaki wake huona huruma kumuua, akamwachilia mtoni. Huruma ya namna hiyo ni hatari. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki akiachiliwa vivyo hivyo.

Baada ya kusema ni kitu gani, sasa niseme ni vipi. Kosa kubwa la pendekezo lile ni kuanza na samaki. Samaki waje mwisho. Kuna mambo matano yanayowatangulia.

La kwanza ni uzito. Tangi ninalopendekeza lina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha mita 1. Maji yafike sentimita 35 tu. Hesabu ya Kidato cha Kwanza inatuambia kwamba nafasi hiyo ni lita 420. Theluthi moja tuwape mawe na udongo wa nchi kavu, zibaki lita 280 za maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo tuna kilo 280. Mawe na udongo wa nafasi ya lita 140 havitapungua kilo 200. Kioo chenye unene wa milimita 12 kina uzito wa kilo 30 kwa kila mita mraba, na sakafu pamoja na kuta nne zinahitaji mita mraba 6.4, yaani kilo 192. Jumlisha: ni kilo 672 kabla ya kuihesabu meza. Huo ni uzito wa watu wazima kumi waliosimama juu ya kabati moja la mbao, tena ghorofani! Mahali pake ni chini, kwenye sakafu ya saruji, juu ya meza ya chuma iliyochomelewa na fundi wa jua kali na kunyooshwa kwa pimamaji. Meza ikiinama kidogo tu, kona moja ya kioo hubeba mzigo wa zote.

La pili ni mwanga na joto. Vitabu vingi vya ufugaji huu huandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana huanza na mtambo wa kupasha maji joto. Hapa Kisumu hatuuhitaji hata kidogo. Shida yetu ni kinyume chake. Tangi likiwekwa mbele ya dirisha linalopigwa na jua la alasiri, maji yatapata joto la kuwadhuru samaki, tena yatageuka ya kijani kibichi kwa mwani. Liwekwe mbali na dirisha, likapewa taa za LED kwa saa kumi hivi kila siku. Sisi tulio kwenye mstari wa ikweta tunajua kwamba mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, basi mimea yetu haitashangaa.

La tatu ni maji yenyewe. Maji ya mfereji hutiwa klorini, dawa inayotulinda sisi lakini inayoumiza samaki. Yakae katika ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kutumiwa, au tutumie ya mvua kutoka kwenye tangi la paa lililo safi. Maji ya ziwa tusiyatumie. Wenyeji tunajua kwamba huku kwetu kuna kichocho, na kwamba wadudu wake hukulia ndani ya konokono. Kwa sababu hiyo hiyo mmea wowote wa majini uoshwe vizuri, ukae katika ndoo ya peke yake wiki kadhaa, na kila konokono aondolewe. Anayefanya kazi hiyo avae glavu za mpira.

La nne ndilo gumu, maana halionekani kwa macho. Kinyesi cha samaki na chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wakaigeuza kuwa naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa chache. Bakteria hawa hawauzwi na mwenye samaki wa dhahabu. Hukua wenyewe kwenye mawe na kwenye chujio, na aghalabu huchukua wiki nne hadi sita. Anayetia samaki siku ya kwanza huwatia katika sumu, halafu siku ya tano anasema amerogwa. Ile naitreti iliyobaki ndiyo mbolea ya mimea. Mizizi inayoning'inia majini huinywa, nayo mimea hunenepa huku maji yakitakata. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na mafunjo kwa maji machafu yanayoteremka kutoka mjini, wala hakuna anayeyalipa mshahara.

La tano ni stima, na si mnajua tabia yake. Pampu ikisimama, maji hayazunguki, oksijeni hupungua, na wale bakteria huanza kufa pamoja na samaki. Dawa yake ni mbili. Kwanza tuwe na pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Pili, na hili ndilo kubwa, tuwe na samaki wachache na mimea mingi. Tangi lililojaa samaki haliwezi kungoja saa tatu gizani. Lenye samaki kumi laweza.

Mimea basi iwe ipi? Mafunjo yenyewe hufika mita nne au tano, yatapasua dari. Tuchukue ndugu zake wafupi wa jamii ya ndago, wasimame ukingoni. Ndani ya maji tupande Ceratophyllum na Vallisneria, ambayo yote miwili inaota katika maziwa yetu. Juu, kwenye mawe yenye unyevu, tuoteshe kangaga. Tena kuna ua moja ambalo ningependa kila mwanafunzi alijue. Katika nchi za Ulaya na Marekani watu hupanda madirishani ua dogo la zambarau liitwalo Saintpaulia. Wengi hawajui kwamba ni mtoto wa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul alilikuta katika nchi ya Usambara, iliyo Tanzania ya leo, na ukoo ukapewa jina lake. Aina moja ya ua hilo hupatikana katika milima ya Taita hapa Kenya. Tusiende kuling'oa huko! Lile linalouzwa na wenye vitalu vya maua linatosha, nalo hupenda kivuli na unyevu kama ule wa kinamasi cha kioo.

Samaki sasa. Nasema fulu, na fulu tu, wa aina moja iliyo ndogo, wasizidi kumi, madume wakiwa wachache kwa kuwa hupigania mahali. Mama fulu huyaatamia mayai yake mdomoni, na vitoto vikitishwa hukimbilia humo humo. Mwalimu gani wa Bayolojia atakayehitaji kuchora jambo hilo ubaoni likiwa linafanyika mbele ya darasa? Lakini tusiende na chandarua usiku kama wezi. Tuandike barua kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti, tuombe ruhusa na ushauri. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ina kituo hapa hapa Kisumu. Na hata fulu wetu, ingawa ni wa ziwa hili, wakishakaa tangini wasirudishwe ziwani, maana wanaweza kubeba ugonjwa.

Wapo waliotaka kamongo. Wenzangu, kamongo hupita urefu wa mita moja na ana meno. Tangi la mita mbili kwake ni kitanda tu. Wengine walitaka vyura. Vyura wa matete wanapendeza, sikatai, lakini wanahitaji wadudu hai kila siku na kifuniko kisicho na mwanya. Tuwaache mpaka tuwe tumejifunza.

Najua yatasemwa mawili. La kwanza ni kwamba tunaleta mbu shuleni. Mbu hutaga penye maji yasiyo na samaki: tairi kuukuu, makopo, na lile shimo nyuma ya jikoni ambalo halijafukiwa tangu muhula uliopita. Maji yenye fulu wenye njaa si mahali pa viluwiluwi kukulia. La pili ni zito zaidi: vitabu havitoshi, sasa kwa nini tununue kioo? Anayeuliza hivi namheshimu, maana na mimi hushiriki kitabu kimoja na wenzangu wawili. Ndiyo sababu nasema fedha za vitabu zisiguswe hata shilingi. Gharama kubwa ni kioo na meza. Mawe, udongo na mimea ni jasho letu wenyewe. Tukikosa fedha za mita mbili tufanye mita moja, lakini kwa mpango ule ule. Ninachokataa ni kutumia fedha zile zile kwa tangi la wiki tatu.

Mpango wangu ni wa mihula mitatu. Muhula wa kwanza ni wa hesabu, meza, kioo, na kulijaza tangi wiki nzima bila chochote ili tuone kama linavuja. Muhula wa pili ni wa udongo, mimea na kuwangoja bakteria. Muhula wa tatu ndio wa fulu, watatu kwanza, kisha wengine. Na hapa shule ya kutwa kama yetu ina bahati ambayo shule za bweni hazina. Likizo ya Aprili, Agosti na Desemba sisi tuko papa hapa mjini. Orodha ya zamu ya wanafunzi kumi na wawili, wawili wawili, inatosha kulisha kidogo, kuongeza maji yaliyokauka na kusafisha chujio. Nasema kulisha kidogo, kwa sababu chakula kinachobaki kitarudi kuwa ile amonia.

Kwa hivyo naiomba kamati, kabla ya mkutano ujao, ifanye mambo matatu. Ipime sakafu ya chini karibu na mlango wa maabara. Iiandikie ofisi ya uvuvi. Na ilifute gugu-maji katika orodha, kwa wino, mbele yetu sote. Mwenda pole hajikwai. Tukianza hivyo, hata sisi tutakaokuwa tumeshaondoka tutajua kwamba wadogo zetu wamerithi kinamasi kinachopumua, na si kioo chenye maji ya kunuka.